Wanafunzi wa Sayansi Wafundishwe Kusoma Kiingereza



Katika mwaka 2014, pale Kolwezi, katika kartye ya Kasulo, mtu mmoja alichimba lupango lwake akakuta heterojeniti, ndilo jiwe jeusi lenye kobalti. Yaliyofuata mnayajua. Watu walitoboa sakafu za nyumba zao, mashimo yakafika chini ya vitanda, vumbi likaingia katika sahani za watoto. Halafu walikuja waganga na maprofesa wa Iniversite ya Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji. Walipima mkojo na damu ya wakaaji, wakubwa kwa wadogo, wakalinganisha na watu wa kartye nyingine ya mji uleule ambako hakuchimbwi. Wakaona kwamba watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, na tofauti ilikuwa kubwa kupita yote kwa watoto. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2018 katika gazeti la sayansi linaloitwa Nature Sustainability. Zilichapishwa kwa Kiingereza.

Si mara moja tu. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake walikwisha kutoa karatasi nyingine, katika gazeti Environmental Research, juu ya madini yaliyokutwa katika mkojo wa watu wa Katanga, hasa wale wanaokaa chini ya kilometa 3 kutoka shimo au usini ya kuyeyusha. Kwa Kiingereza. Mwaka 2020 gazeti The Lancet Planetary Health lilitoa uchunguzi uliofanywa katika nyumba za kuzalisha za Lubumbashi, juu ya watoto wanaozaliwa na kilema. Waandishi walikuta kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa mtoto ambaye baba yake anafanya kazi ya madini. Hiyo nayo kwa Kiingereza.

Sasa nauliza. Mkojo ulikuwa wetu, damu ilikuwa yetu, na watoto ni wetu. Ni wangapi kati yetu wamesoma karatasi hizo? Katika bar na mbele ya kanisa nasikia mmoja akisema kwamba kazi ya mine inazaa vilema, na mwingine anamjibu kwamba huo ni uongo wa wazungu wanaotaka kuharibu bei ya kobalti yetu. Wanapigizana kelele mpaka usiku. Wala huyu wala yule hajafungua karatasi. Na anayeifungua anapaswa kujua kuisoma vizuri, kwani waandishi wenyewe wanaeleza hesabu yao ilikuwa ya watu wangapi, na kwamba watu wachache wanafanya jibu liwe na mashaka kidogo. Tena jambo kuambatana na jingine si sawasawa na jambo kuzaa jingine. Hayo yote yamo ndani, yameandikwa wazi, katika lugha ambayo hata mwanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho anaiogopa.

Ndiyo sababu leo naandika juu ya Kiingereza katika iniversite zetu, katika masomo ya sayansi: jiolojia, kemia, uganga, kilimo, kazi ya mashimo na kazi ya kuyeyusha madini. Siandiki juu ya Kiingereza cha vijana wanaojitembeza mtaani na kusalimia watu «good morning» saa kumi ya jioni. Kile kinauzwa katika masomo ya jioni kila pembe ya mji, na mzazi anakilipia kwa jasho lake. Sina ugomvi nacho, lakini hakitamsaidia mtu kufungua karatasi ya Kasulo.

Najua neno litakalotoka mara moja katika vinywa vya wenye kuipenda nchi. Watasema: Mbelgiji alituletea Kifaransa, akatuambia ndiyo njia ya kuwa mtu. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, wenye diploma ya iniversite katika nchi nzima hawakufika thelathini. Tumehangaika kujenga shule katika Kifaransa hicho, na katiba ya mwaka 2006 inakiita lugha ya serikali. Je, sasa tuinamie lugha ya tatu? Tupokee bwana mpya?

Swali hili ni la heshima, halifai kudharauliwa. Lakini tuangalie jinsi lugha ya sayansi inavyotembea duniani, tutaona kwamba haijakaa kwa bwana mmoja. Sisi tuliopita katika shule ya mapadri na kuteswa na Kilatini tunajua kwamba zamani wenye elimu wote wa Ulaya waliandika katika Kilatini. Mwingereza Newton alitoa kitabu chake kikubwa juu ya mwendo na uzito mwaka 1687 katika Kilatini. Mwaka 1704, alipotoa kile cha mwanga, aliandika Kiingereza. Baadaye Kijerumani kilipanda sana, hasa katika kemia na fizikia: karatasi za Einstein za mwaka 1905 ni za Kijerumani. Mmarekani aliyetaka diploma ya udaktari katika sayansi alipaswa kupita mtihani wa kusoma Kijerumani, na mara nyingi Kifaransa pia. Mtihani huo ulidumu katika iniversite nyingi za Marekani hata baada ya vita vya 1939–1945. Hakuombwa kusema kama Mjerumani. Aliombwa kusoma ukurasa wa kemia na kueleza maana yake. Hivyo hata wale ambao leo lugha yao inatawala, walikaa darasani kujifunza kusoma ya wengine, na hakuna aliyewaita watumwa wa Berlin.

Vita viwili vikubwa vilivunja nguvu ya Kijerumani, na fedha na laboratwari za Marekani zikainua Kiingereza. Wafaransa wenyewe wameona. Magazeti ya Institut Pasteur ya Paris, yaliyokuwa yakiitwa Annales tangu mwaka 1887, yalibadilisha majina mwaka 1989 yakachukua ya Kiingereza. Kama nyumba ya Pasteur imefanya hivyo katikati ya Paris, mbona sisi wa Lubumbashi tujifanye walinzi wa Kifaransa kuliko Wafaransa?

Tazameni mawe yetu. Kasoliti, jiwe la urani, lilipewa jina lake mwaka 1921 kwa ajili ya Kasolo, karibu na Shinkolobwe. Likasiti ilipewa jina la Likasi mwaka 1955. Kolweziti ilipewa jina la Kolwezi mwaka 1980. Majina hayo yaliandikwa na Wabelgiji, na karatasi za zamani za namna hiyo mwanafunzi wetu anaweza kuzisoma kwa Kifaransa chake bila shida. Lakini akitaka kujua leo watu wanafikiri nini juu ya asili ya shaba na kobalti chini ya miguu yake, atapaswa kufungua karatasi kubwa ya mwaka 2005 ya Cailteux, Kampunzu na wenzao katika Journal of African Earth Sciences. Marehemu Profesa Kampunzu huyu alifundisha jiolojia hapahapa Lubumbashi kabla ya kwenda Botswana. Ni mtu wa kwetu. Ameandika juu ya udongo wa kwetu, na mwanafunzi wa kwetu anakaa mbele ya karatasi yake kama mgeni mlangoni.

Sasa nije kwenye kazi yangu, kwani hapo ndipo nimeona jambo kwa macho. Mimi ni karani wa magazini katika sosiete moja ya madini, jina lake si la lazima. Sosiete za hapa leo zina mitaji ya China, ya Kanada, ya Uswisi na ya pengine, na vyombo vinaingia na vitabu vyao. Siku moja iliingia pompe mpya ya maji machafu, na kitabu chake cha Kiingereza na Kichina. Akaja injenieri kijana, mtu wa akili sana, ametoka iniversite na distinksyo. Akakigeuza kitabu, akakirudisha mezani. Pembeni alikuwepo dereva wa lori aliyetoka Kitwe, anangoja kusainiwa karatasi zake za Kasumbalesa. Dereva akaanza kusoma kwa sauti, Kiingereza safi, lakini hakujua anasoma nini: hakuna pompe aliyoifungua maishani. Injenieri alikuwa anajua pompe yote, hakujua maneno. Walikaa saa mbili, mmoja anatoa neno, mwingine anatoa maana, mpaka wakamaliza. Nilicheka, lakini baadaye nilifikiri. Dereva alikuwa na Kiingereza bila sayansi, injenieri alikuwa na sayansi bila Kiingereza, na pompe ingekaa chini kama mmoja wao angekosekana. Je, kila siku tungoje lori la Zambia? Wazee wamekwisha sema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Pompe ikisimama, ni fedha za sosiete zinazopotea. Kuna mambo ambayo mtu ndiye anayepotea. Katika usini nyingi za kuelesha madini ya oksidi tunatumia dawa iitwayo NaHS, vile vipande vya manjano. Wafanyakazi wanaijua kwa harufu ya yai bovu. Dawa hiyo ikikutana na asidi inatoa gesi, hidrojeni sulfidi, inayoua haraka. Na hii ndiyo sentensi inayopaswa kujulikana na kila mtu katika usini: gesi ikiwa nyingi, pua inakufa ganzi, harufu inatoweka, mtu anadhani hatari imepita kumbe ndiyo imefika. Sentensi hiyo imo katika karatasi za usalama zinazokuja na mapipa. Mara nyingi karatasi inayofika mezani kwangu ni ya Kiingereza peke yake. Mfanyakazi ananiuliza, «Karani, hapa wanasema nini?» Namwambia ninachojua. Lakini mimi ni karani. Aliyepaswa kumwambia ni yule aliyesoma kemia miaka mitano.

Nilitaka kuelewa ni kitu gani hasa kinachomshinda huyu aliyesoma miaka mitano, nikakaa na vijana kadhaa na kurasa zao. Nilishangaa. Maneno makubwa hayawashindi. Mwenye Kifaransa akiona «oxidation», «concentration», «solution», «temperature», «acid», anayatambua upesi, kwani karibu yote yametoka Kilatini na Kigiriki, na yameandikwa karibu sawa. Nusu ya ukurasa wa kemia amekwisha kuijua kabla ya kuanza. Vinavyomwangusha ni vidogo: «unless», «whether», «although», «rather than». Hivi ndivyo vinavyogeuza sentensi. Mtu aliyeruka «unless» amesoma kwamba chombo kifunguliwe, kumbe imeandikwa kisifunguliwe isipokuwa asidi imekwisha kutolewa.

Na kuna maneno mawili ambayo ningeyaandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa fakilte. Katika kanuni za ISO, zinazotumika katika usini duniani kote, «shall» ni amri: lazima ifanyike. «Should» ni shauri: inafaa ifanyike. Siku ya ajali, mbele ya inspekta wa kazi, tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti kati ya mkubwa aliyevunja kanuni na mkubwa ambaye hakufuata shauri. Syndika asiyejua hilo ataingia katika mazungumzo mikono mitupu.

Halafu kuna ndugu wa uongo, maneno yanayofanana na ya Kifaransa lakini yana moyo mwingine. «Éventuellement» ya Kifaransa ni labda, pengine. «Eventually» ya Kiingereza ni mwishowe, baada ya muda, lakini kweli itatokea. Fikirini ripoti inayosema kwamba ukuta wa bwawa la uchafu «eventually» utapitisha maji. Mmoja anasoma labda, mwingine anasoma hakika. «Délai» ni muda uliowekwa, «delay» ni kuchelewa. «Contrôler» ni kukagua, «control» ni kushika na kuongoza. Injenieri anayesema alikuwa na «control» ya gesi, wakati aliikagua tu, amesema jambo ambalo hakulifanya.

Hata namba zinadanganya, na hapa karani ananisikia vizuri. Mwingereza akiandika 2,500 amesema elfu mbili na mia tano. Sisi tuliofundishwa koma ya Kifaransa tunaona mbili na nusu. Akiandika 1.250 amesema moja na robo, na mtu wetu anaweza kuona elfu moja mia mbili hamsini. «Billion» yao ndiyo «milliard» ya Kifaransa, wala si «billion» ya Kifaransa, ambayo ni kubwa mara elfu moja. Bei ya kobalti inatajwa kwa paundi, na tani moja yetu ina paundi karibu 2205. Na tani fupi ya Marekani ni kilo 907 tu. Nimeona mahesabu ya watu wakubwa yakianguka kwa nukta moja.

Basi tufanye nini? Wako wanaosema: ibadilishe iniversite nzima iwe ya Kiingereza, kama jirani. Mimi nasema hapana, na majirani wenyewe ndio wanaonifundisha kusema hapana. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza, na walimu wengi walijikuta wanafundisha lugha ambayo nao walikuwa wanaanza kuijifunza. Tanzania inafundisha shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu sekondari na iniversite kwa Kiingereza. Mwaka 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha kwamba wanafunzi wengi kule walikuwa hawawezi kufuata masomo yao katika lugha hiyo. Mwanafunzi anayeandika maneno ya mwalimu bila kuyaelewa hajifunzi fizikia, anajifunza kunakili. Na kule Zambia, katika iniversite ya Copperbelt ya Kitwe iliyoanzishwa mwaka 1987, wanasoma kazi ya madini kwa Kiingereza juu ya mawe ambayo ni ndugu wa mawe yetu. Wana faida ya kufungua karatasi yoyote. Lakini sijaona kwamba shaba inayeyuka upesi zaidi upande wao.

Mwalimu aendelee kufundisha kwa lugha anayoimiliki. Ninachodai ni kingine, tena ni kidogo na cha bei rahisi: kusoma. Kusoma kabla ya kusema na kabla ya kuandika. Kianze mwaka wa kwanza wa iniversite, kisingoje mwaka wa memuari, wakati kijana anapewa orodha ya karatasi ishirini za Kiingereza na miezi michache ya kuzisoma. Wakati huo anafanya nini? Anampa rafiki fedha amgeuzie, au siku hizi anaiweka katika mashine ya kutafsiri. Siidharau mashine hiyo, inasaidia sana. Lakini asiyeweza kusoma hawezi kujua mashine imekosea wapi, na ikikosa katika neno «unless» inakosa kwa Kifaransa kizuri sana ambacho hakitii mtu shaka.

Tena mafundisho yawe ya kazi yenyewe. Leo mwanafunzi wa jiolojia anapewa Kiingereza katika ukumbi mmoja na mamia ya wengine, saa chache kwa mwaka, na kitabu kinamfundisha jinsi ya kununua tiketi ya gari la moshi London. Mpeni ukurasa wa ripoti ya Kamoa-Kakula, shimo lililoanza kutoa shaba mwaka 2021. Ripoti za namna hiyo hazikufichwa: sheria ya Kanada ya tangu mwaka 2001 inalazimisha sosiete inayouza hisa zake kule itangaze ripoti ya ufundi, iliyosainiwa na mtu mwenye ujuzi, na kila mtu anaweza kuisoma. Ndani yake kuna kiasi cha madini, miaka ambayo shimo litaishi, maji, uchafu, gharama ya kila tani. Mwenye hisa wa Toronto anajua shimo la Kolwezi litafungwa lini kuliko mtu anayelichimba. Ukurasa mmoja wa ripoti hiyo kwa juma, mwalimu wa Kiingereza upande huu na asistanti wa jiolojia upande ule, kama dereva na injenieri mbele ya pompe. Miaka mitatu ikipita, kijana hatakuwa Mwingereza, lakini hatarudisha tena kitabu mezani.

Mtihani wake ningeufanya hivi: mpe mwanafunzi ukurasa ambao hajauona, umpe saa moja, halafu asimame aeleze maana yake, kwanza kwa Kifaransa mbele ya profesa, halafu kwa Kiswahili mbele ya mfanyakazi wa usini. Mfanyakazi naye atie alama.

Kwa nini nataka Kiswahili hapo? Kwa sababu Kiingereza kikiishia kichwani mwa msomi, tumeongeza tu ukuta mwingine kati yake na baba yake. Wajapani, waliponunua vitabu vya uganga vya Waholanzi, hawakuridhika kuvisoma. Mwaka 1774 Sugita Genpaku na wenzake walitoa tafsiri ya kitabu cha mwili wa mtu, wakiwa wametunga maneno ambayo hayakuwepo. Sisi hatuanzi hata kutoka sifuri. Wenzetu wa Dar es Salaam walitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, maneno yamo tayari. Kiswahili chao si sawasawa kabisa na chetu, lakini mtu wa Likasi haoni shida kukielewa. Memuari yoyote juu ya maji yetu, vumbi letu au miili yetu iwe na kurasa mbili za Kiswahili mwishoni, zibandikwe katika hospitali ya kambi na katika ofisi ya syndika. Profesa atakayesema Kiswahili hakiwezi kusema kobalti katika mkojo, aende Kasulo akasikilize akina mama.

Na baada ya kusoma, kuandika kutakuja, kwani siombi tubaki wasomaji wa wengine. Angalieni Ebola. Profesa Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku mwaka 1976, ugonjwa ulipokuwa haujapata jina. Ripoti kubwa ya ugonjwa ule ilitoka mwaka 1978 katika gazeti la shirika la afya la dunia, kwa Kiingereza. Miaka ikapita. Kutoka katika damu ya mtu wa Kikwit aliyepona mwaka 1995 ikatengenezwa dawa. Dawa hiyo na nyingine zikajaribiwa mwaka 2018 na 2019 katika Kivu ya Kaskazini, Beni, Butembo, Katwa, Mangina, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Ilipotoka karatasi ya majaribio hayo mwaka 2019 katika New England Journal of Medicine, jina la kwanza juu yake lilikuwa la Mkongomani, daktari Sabue Mulangu, na la Muyembe limo. Mwezi wa Desemba 2020 Marekani ikaipa ruhusa dawa hiyo ya damu ya Kikwit. Watu hao walisoma katika shule zetu za Kifaransa. Kiingereza hakikuwafanya wasiwe wa kwetu. Kiliwapa kiti mezani, na mezani ndipo mambo yanapoamuliwa.

Lakini iniversite inatembea pole, na sisi wa usini hatuwezi kungoja. Hapa kwetu, tangu majira ya mvua yaliyopita, makarani wanne, fundi umeme mmoja na wanafunzi wawili wa kemia tunakutana Jumapili baada ya misa ya pili. Tunasoma ile karatasi ya Kasulo ya mwaka 2018, aya moja moja. Mwanafunzi anaeleza sayansi, fundi anatuambia jambo lilivyo katika kazi, mimi naandika Kiswahili katika daftari. Tumekwisha kuelewa jinsi walivyochagua watu wa kupima. Juma lijalo tunaingia katika hesabu za damu ya watoto, na hapo pana meza ya namba yenye nukta nyingi. Anayekaa Kolwezi, au mwenye ndugu Kasulo, atatusaidia sana. Aje na kalamu yake, na kama anayo kamusi aje nayo, kwani tuliyo nayo ni moja na kurasa za herufi U zimetoka.